Wazungu walipanga kuja Afrika kwa pikipiki, sisi tukapanga mapokezi: yaliyomkuta mke wangu kijijini Nkunga

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma bila kuingia kwenye akaunti, mnaojifanya hampo, nawaona pia.

Naandika nikiwa kijiweni kwangu Msasani, hapa Tukuyu. Mvua imenibana chini ya bati la muuza vocha na abiria hakuna, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Ninayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe. Wale wa kusema "hii chai" niwaambie mapema kwamba Rungwe chai tunalima shambani, hatuileti jukwaani. Mwenye shaka apande basi, akishuka hapa stendi amuulize bodaboda yeyote, "Afrika yuko wapi?" Ataletwa mpaka nilipoegesha.

Nilivyolipata hilo jina ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni bodaboda, mwaka wa tisa sasa. Kwetu ni Nkunga. Asubuhi napanda mjini kutafuta riziki, jioni narudi kwa mke wangu Atupele, ambaye nilimtoa Kinyala. Nyumba yangu iko kwenye kiwanja cha wazee wangu, kati yetu na wao kuna migomba na choo. Hilo la migomba lishikeni, litakuja kuwa na kazi.

Miaka mitatu iliyopita Atupele alipata ujauzito wetu wa kwanza. Uchungu ulimshika kwenye mvua za masika, na njia yetu ikinyeshewa inageuka uji. Pikipiki yangu ilizama tope hatua chache kutoka nyumbani. Majirani wakatengeneza machela ya mianzi, wakambeba mpaka barabara ya lami.

Tulipofika kwenye lami mtoto alikuwa ameshatutoka. Alikuwa wa kiume.

Sitaandika zaidi hapo, wakuu. Pale tulipomshusha kuna mparachichi, na mpaka leo nikipita napunguza mwendo bila kujua kwa nini. Au najua.

Sasa twende kwa wazungu.

Mwaka uliofuata nilimpakia mstaafu mmoja wa Uholanzi, anaitwa Henk, alitaka kupanda msitu wa ziwa Ngozi. Mzee mrefu, mpole, ana pikipiki tatu kwao na hana biashara ya kubeba abiria, jambo ambalo lilinishinda kuelewa. Wakati wa kurudi tulijikinga mvua kwenye kibanda, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ukweli. Akalia, nami nikalia, tukawa watu wazima wawili tunalia kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma huku mwenye mahindi anatuangalia.

Akaondoka. Miezi sita baadaye ikaingia meseji.

Henk na marafiki zake sita, wote wastaafu, wameamua kuja Afrika kwa pikipiki kutoka mlangoni kwao. Ndugu na majirani zao wangechangia kwa ajili ya safari hiyo, na michango ingenunua pikipiki ya wagonjwa kwa ajili ya zahanati yetu Nkunga. Ile yenye kitoroli cha kitanda nyuma na paa la turubai. Ili, akasema, asitokee mwingine wa kubebwa kwenye mianzi.

Nilisoma meseji ile mara tatu. Halafu nikamsomea Atupele, akageukia ukutani.

Nikaingizwa kwenye grupu na kupewa cheo cha mratibu: Local Coordinator, Africa. Yaani mimi, wa Msasani, kijiwe cha pili kutoka stendi, nimekabidhiwa bara.

Kukiri ni kukiri, wazo la kwanza lililonijia ni hili: watu saba wanakuja na pikipiki saba kumletea bodaboda pikipiki ya nane. Nilitaka kuuliza kwa nini hiyo ya nane isije yenyewe kwa lori, wao wakabaki kwao wanakunywa kahawa. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Nikaandika, "Karibuni sana."

Basi ikaanza mipango. Wakuu, mzungu akipanga jambo, anapanga.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa na video call. Walikuwa na ramani ukutani, kalamu za rangi, na orodha ya maswali sitini na tatu ambayo mwakilishi wa Afrika alitakiwa kuyajibu.

Swali la nane: Je, Afrika petroli inapatikana? Nikajibu inapatikana, hata jirani yangu anauza kwenye chupa za soda. Waliandika jibu hilo kwa kalamu nyekundu.

Swali la ishirini na moja: Ni wanyama gani huvuka barabara? Nikajibu ng'ombe, mbuzi, na bata wa mke wa mchungaji. Kuhusu simba hawakuuliza tena, nadhani walivunjika moyo.

Lingine: Mvua Afrika inanyesha miezi ipi? Nikawaambia ya Afrika siijui, ila hapa Tukuyu ulizeni miezi ambayo hainyeshi, orodha itakuwa fupi.

Halafu likaja swali la hali ya barabara za jangwani Sudan. Ndugu zangu, mimi sijafika hata Sumbawanga. Nikalipeleka kijiweni. Tulikaa bodaboda kumi na mbili tukajadili Sudan kwa kina. Mmoja ana binamu aliyewahi kuendesha lori mpaka Tunduma, huyo ndiye alikuwa mtaalamu wetu wa nje ya nchi. Mwisho tukakubaliana jibu: "Inategemea."

Henk akaandika, "Asante, taarifa muhimu sana." Siku hiyo kijiwe kizima kikaanza kuniita Afrika.

Baada ya hapo njia ikaanza kusinyaa. Mwanzo walikuwa wanatoka Uholanzi mpaka Misri, wanashuka na Nile. Huko kukawa na vita, wakafuta. Wakasema wataanzia Nairobi. Mmoja goti likamsumbua, wakasema Dar es Salaam. Pikipiki zikapandishwa meli, watu wafuate kwa ndege, kisha Dar mpaka Tukuyu kwa barabara. Bado ni safari, siwezi kuwadharau.

Tuache wazungu, tuje kwetu, ili kicheko kisiende upande mmoja.

Habari ilipofika kijijini uliitishwa mkutano wa hadhara. Mtanzania ukimwambia anakuja mgeni, jambo la kwanza anaunda kamati. Ikaundwa kamati ya mapokezi. Chini yake kamati ndogo ya chakula, ya ngoma, ya fulana, na ya kumwandikia barua mgeni rasmi kutoka wilayani. Kamati ya fulana ilikaa vikao vinne kuhusu rangi.

Njia ya tope haikupewa kamati.

Ikafika ajenda ya dereva wa hiyo pikipiki ya wagonjwa. Hapa ndipo tulipojifunga bao wenyewe.

Mzee mmoja akasimama, akasema kwa lafudhi ya kwetu, "Mwendesha wagonjwa awe mtu mzima, mcha Mungu, asiye na halaka." Watu wakaitikia. Hakuna aliyejiuliza dereva wa wagonjwa asiye na haraka anamsaidia nani.

Likatajwa jina la baba yangu, Mzee Ambakisye. Enzi zake alikuwa karani wa kupima chai, akizunguka vituo vyote kwa pikipiki, na hajawahi kuanguka hata mara moja. Hanywi. Ni mzee wa kanisa. Makofi yakapigwa kabla mwenyekiti hajauliza wanaoafiki.

Dada yangu Tumpe akanyoosha mkono. Tumpe ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, ana pikipiki yake, anabeba ndizi kupeleka Tukuyu kila siku ya Mungu, na kwenye tope ananizidi mimi. Akasema, "Hata mimi naweza kuendesha."

Mkutano ukacheka. Sio kwa ubaya, ni kile kicheko cha kucheka na mtoto wa nyumbani. Mwenyekiti akamwambia, "Tumpe, wewe tunakuweka kamati ya chakula."

Akakaa, akasema, "Sawa. Mtakula."

Nami nilicheka. Naliweka wazi hapa ili mnisute mapema.

Sasa kwa wasio wa huku, kuna jambo lazima niwaeleze, bila hilo hamtaelewa.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwana, anamkwepa baba mkwe. Si kwa chuki, ni heshima. Hawatazamani uso kwa uso. Hamtaji jina. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja, sembuse chombo kimoja. Siku hizi mjini wengi wameacha, na kuna wachungaji wanaosema si lazima, lakini kijijini kwa wazee wetu bado ipo. Na haiishii kwa baba mzazi wa mume, inakwenda mpaka kwa ndugu zake wa kiume. Kwa hesabu ya ukoo, baba yangu ni mkwe wa karibu nusu ya wanawake walioolewa kijijini kwetu.

Yaani tulipanga chombo cha kuwabeba wajawazito, kisha tukakikabidhi kwa mtu ambaye wajawazito wakimwona wanakimbilia migombani.

Na tulikuwa watu zaidi ya mia kwenye mkutano ule, wote wa mila hiyo hiyo. Tulitazama heshima ya mzee, tukasahau kwamba heshima hiyo hiyo ndiyo kikwazo. Wanawake walijua. Hawakuulizwa, na aliyenyoosha mkono alipelekwa kwenye ndizi.

Pikipiki ya wagonjwa ilitangulia. Ililetwa kwa lori wiki tatu kabla ya wageni, mpya, inanukia rangi. Kamati ikaifunika turubai, ikafunga utepe mwekundu kuizunguka, ikaegeshwa uani kwa baba. Haitaguswa mpaka mgeni rasmi akate utepe. Ndani ya wiki hizo tatu mama mmoja aliyevunjika mguu alipelekwa zahanati kwenye toroli la kubebea mbolea, akapita mbele ya turubai letu zuri.

Atupele alikuwa mjamzito tena. Kliniki walisema bado kama mwezi. Jioni moja tukiwa tunakula akaniuliza, "Zamu yangu ikifika, nani atanibeba?"

Nikamjibu, "Mimi nipo."

Alinitazama kidogo, akaendelea kula.

Siku mbili kabla ya sherehe Henk akapiga simu, sauti ya msiba. Pikipiki zao ziko bandarini hazitoki. Kuna karatasi ya forodha ambayo muda wake ulikuwa umekwisha. Katika maswali yote sitini na tatu, hilo halikuwemo.

Kwa hiyo wanakuja kwa ndege mpaka Mbeya. Watapanda nini kutoka Mbeya, hajui.

Nikapeleka taarifa kwenye kamati. Wakuu, hapo ndipo uzalendo ulipopanda. Mwenyekiti akasema haiwezekani wageni wa pikipiki waingie kijijini kwa gari la Noah, tutachekwa na kata za jirani. Likapitishwa azimio: pikipiki zote za kijiji ziende Mbeya. Saba wapewe wageni, zilizobaki zisindikize. Atakayebaki nyuma atakuwa amesusia maendeleo.

Mnaona kilichotokea? Watu walipanga mwaka mmoja na nusu kuja Afrika kwa pikipiki zao, wakaishia kuja Nkunga kwa pikipiki zetu.

Henk mwenyewe alipangiwa ya Tumpe, kwa sababu ndiyo iliyotunzwa vizuri kuliko zote.

Asubuhi ya siku yenyewe niliondoka mapema. Atupele alikuwa anafagia. Nikamwambia nitarudi mchana na wageni. Akasema mgongo unamuuma kidogo. Nikamwambia apumzike.

Nikaondoka na pikipiki zote za kijiji.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia mama baadaye, nami nayaleta kama alivyosema.

Saa nne uchungu ukamshika Atupele, na mvua ikaanza. Mama akatoka kutafuta bodaboda. Hakuna. Akaenda kwa jirani, hakuna. Akanipigia mimi, simu yangu nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki, naongoza msafara. Tumpe alikuwa uwanja wa shule, huko bondeni mtandao ni wa kubahatisha, anamenya ndizi za watu mia mbili.

Kijiji kizima chombo kilichobaki ni kimoja, kiko uani, kimefungwa utepe.

Mama akaenda kwa baba, aliyekuwa ameshavaa koti la sherehe. Baba akachukua ufunguo, akasimama upande wake wa migomba. Mama akarudi upande wa pili kumchukua Atupele. Akamkuta ameshika mlango, anatoka jasho, anatikisa kichwa.

"Mama, siwezi kukaa nyuma ya baba. Nitatembea."

Na akaanza kutembea kweli, mkono mmoja kwenye kiuno, kwenye lile tope.

Baba akauliza kutoka ng'ambo ya migomba, "Anasemaje?"

"Anasema atatembea."

Baba alikuwepo siku ile ya machela. Ndiye aliyembeba mjukuu wake kumrudisha nyumbani, amemfunga kwenye koti lake.

Akaingia ndani akatoka na spana. Akapenyeza mkono chini ya turubai, akafungua kioo cha kulia cha kutazamia nyuma. Akafungua cha kushoto. Akavipanga vyote dirishani.

Kisha akachukua kisu cha mama cha ndizi, akakata utepe, akaifunua pikipiki.

Mama, ambaye naye alikuwa mjumbe wa kamati, akashtuka. "Na mgeni rasmi je?"

"Mgeni rasmi ndiye huyo anayetembea," baba akasema, bila kugeuza shingo. "Mwambie alale, ufunge turubai la kitoroli pande zote. Mimi sitamwona."

Basi wakampandisha hivyo. Mama akapanda naye ndani ya kitoroli, akafunga turubai, akagonga bati mara mbili kumaanisha tayari. Mzee wa miaka sitini na tisa, koti la sherehe, akawasha pikipiki isiyo na kioo hata kimoja, akaingia kwenye tope kuelekea hospitali ya Tukuyu, maana mimba ilikuwa haijatimia.

Sasa rudini upande wangu.

Tumetoka Mbeya kwa shangwe. Pikipiki karibu arobaini, fulana za bluu ndizo zilishinda, honi mwanzo mwisho. Henk analia kwa furaha, anasema haamini amefika Afrika kwa pikipiki. Alikuwa ameendesha tangu uwanja wa ndege, lakini furaha ya mtu usiipime kwa kilomita. Kiwira watu walijaa barabarani. Tukakata kona ya kuingia kwetu, tukaacha lami, na hapo mbele kidogo, karibu na ule mparachichi, nikaona pikipiki ya wagonjwa inakuja.

Mwenyekiti alikuwa amepakiwa, ana kipaza sauti. Akapaza, "Wageni wetu wapendwa, hii ndiyo zawadi yenu, imekuja kuwalaki!"

Makofi. Wageni wakatoa simu wakaanza kurekodi. Henk akaiweka pikipiki ya Tumpe katikati ya njia, akashuka, akafungua mikono miwili kama anayesubiri kukumbatiwa.

Baba anapiga honi. Wao wanajibu kwa honi arobaini.

Mimi nikaona mambo mawili. Kwanza, pikipiki haina vioo. Baba yangu ni mtu wa kukagua vioo kabla hata ya kuwasha. Pili, utepe mwekundu unaburuzwa kwenye tope.

Halafu ukatoka mkono wa mama kwenye upenyo wa turubai, unapunga kanga. Haupungi kama wa sherehe.

Wakuu, nilijua. Nilikuwa nimeliziba kwa mwili wangu na pikipiki arobaini lile lile eneo nililompotezea mwanangu, nimevaa fulana yenye neno KARIBU.

Nikapiga kelele, "Ni Atupele! Tokeni njiani, ni mke wangu!"

Niwasifu bodaboda wenzangu hapa. Hawakuuliza. Waliingiza pikipiki kwenye mashamba ya chai kulia na kushoto, wengine wakaanguka nazo. Henk hakuelewa lugha lakini alielewa uso wangu. Akaisukuma pikipiki ya Tumpe mtaroni, akaingia mtaroni naye.

Baba akapita katikati yetu. Hakunitazama, macho mbele.

Nikageuza, nikamfuata. Kwenye lami kuna malori ya kutoka Kyela na mabasi ya kwenda huko, na mzee hana namna ya kujua nini kiko nyuma yake. Kugeuza shingo hawezi, maana nyuma kuna mkamwana. Nikasogea karibu na kitoroli, nikawa naona badala yake. Lori likija nyuma, honi ndefu moja, baba anakaa kushoto. Kukiwa wazi, honi fupi mbili. Hatukuwahi kupanga lugha hiyo. Kila nikipiga, anainua kidole kimoja kuonyesha amesikia.

Hivyo mpaka Tukuyu. Nilikuwa naomba Mungu, napiga honi, naomba tena.

Hospitali manesi wakatoka na kitanda. Baba akazima, akashuka, akaenda moja kwa moja kusimama ukutani, uso kwenye ukuta, mgongo kwetu, koti linachuruzika maji. Alisimama hapo mpaka Atupele akaingizwa ndani. Watu waliokuwa wanapita walidhani mzee ana matatizo.

Tulisubiri. Sikumbuki ni muda gani.

Nesi akaja akasema ni wa kike, mdogo, lakini analia vizuri.

Baba alikuwa bado anatazama ukuta. Akauliza, "Mama na mtoto, wako wawili?"

Nikasema, "Wako wawili."

Akakaa chini kwenye saruji. Ndipo nikaona anashindwa kufungua vifungo vya koti. Nikamfungulia.

Mvua inapungua hapa, acha nimalizie.

Sherehe ilifanyika kesho yake. Ulinunuliwa utepe mpya. Mgeni rasmi akakata utepe wa pikipiki yenye tope mpaka kwenye taa, akasema anafurahi kuizindua rasmi. Ndizi za Tumpe zililiwa zote.

Henk alipofika kwao wakatoa jarida dogo kwa wachangiaji, akanitumia. Kuna picha ya baba kwenye mvua, utepe unaburuzika. Chini wameandika kwamba wenyeji waliwapokea kwa onyesho la kusisimua la namna pikipiki ya wagonjwa inavyofanya kazi. Nilimwandikia kumsahihisha. Akajibu kwamba anajua, alilia tena, ila jarida lilikuwa limeshachapwa. Simlaumu. Bila wao baba angekuwa na pikipiki gani ya kufungua vioo?

Mkutano uliofuata ulikuwa na ajenda moja, dereva. Safari hii mwenyekiti aliuliza wanawake kwanza. Bibi mmoja akajibu bila kusimama, "Binti wa hapa hapa si mkamwana wa mtu hapa, anambeba yeyote." Basi. Mwaka mmoja na nusu wa kamati ukamalizwa na bibi aliyekaa kwenye ndoo.

Dereva sasa ni Tumpe. Nilimwomba radhi kwa kucheka. Akasema atanisamehe nikimlipa bodi ya pikipiki yake iliyopinda mtaroni, na nimeshainyoosha.

Vioo vimerudishwa.

Atupele na baba mpaka leo hawajatazamana. Mama yangu ndiye humvusha mtoto migomba asubuhi, na ndiye humrudisha. Siku ya kwanza Atupele alipoweza kusimama, alimtuma mama ng'ambo na maneno mawili, "Ndaga, baba." Yaani asante.

Mama akaenda, akarudi na jibu.

"Baba yenu anasema hajui unamshukuru kwa nini. Anasema siku ile hakuona mtu."

Atupele akafunika uso na kanga, akalia, na alikuwa anatabasamu humo ndani.

Nilichojifunza, wakuu: safari ndefu kuliko zote haikuwa ya kutoka Ulaya. Ilikuwa hatua thelathini kutoka mlango wangu mpaka uani kwa baba, na hakuna kati yetu aliyeiweka kwenye ramani. Ukipanga msaada, wa kwao au wetu wenyewe, muulize kwanza yule atakayelala kwenye kitanda.

Karibuni mnipige mawe kwa kile kicheko cha mkutanoni, nimestahili. Ila ukimaliza kunipiga, tuambie: kwenu, anayeendesha gari la wagonjwa ni nani, na ni nani hawezi kulipanda?